Mkono wa mkandaji ujue pa kukoma

Mtu wa Nairobi au Mombasa akienda Diani kupumzika, mojawapo ya mambo anayoyalipia bila kunung'unika ni kukandwa. Hulala kifudifudi chini ya banda la makuti, akapakwa mafuta ya nazi, akachuliwa mabega na mgongo kwa muda wa saa nzima, kisha akainuka akisema mwili umekuwa mwepesi. Wengi wa wageni hao hawajui kwamba kazi iyo hiyo, kwa mafuta yayo hayo, hufanywa kila siku upande wa bara, mbali na mchanga mweupe, katika vijiji vya Kikoneni na kwingineko katika eneo la Lunga Lunga. Huko hakuna banda wala bango. Mkandaji ni mama wa makamo au nyanya anayejulikana na kila mtu. Humkanda mkulima aliyekaza kiuno kwa kupalilia mihogo, mkwezi aliyeteleza mnazini, mzazi aliyejifungua juzi na mtoto anayelia usiku kucha. Malipo yake ni kidogo, na pengine hulipwa kuku au leso.

Ninayotaka kuyasema leo yanamhusu mama huyu zaidi kuliko yule wa hotelini, ingawa msomaji wa mjini naye atapata lake. Mkandaji wa kijijini ndiye mtu wa kwanza kuugusa mwili unaougua, aghalabu siku nyingi kabla ya daktari au muuguzi. Kwa hivyo, uhai wa watu si haba unategemea kama mkono wake unajua pa kukoma.

Wapo wasomi wanaodhani kwamba kukandwa ni mambo ya kizamani yasiyo na maana. Wamekosea. Mnamo Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na miongoni mwa mambo liliyosema yanaweza kutumiwa ni mazoezi, elimu kwa mgonjwa, na kukandwa. Mikanda ya kiuno, ambayo watu huinunua kwa bei ghali, haikupendekezwa. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno, yaani takriban mtu mmoja katika kila 13. Hata hivyo tusitie chumvi. Uchambuzi wa tafiti 25 uliochapishwa na Cochrane mwaka 2015 ulionyesha kwamba nafuu ya kukandwa ni ya muda mfupi, na kwamba ushahidi wenyewe si imara. Kukandwa kunalegeza misuli, kunapunguza maumivu na kumpa mtu usingizi. Hakuondoi ugonjwa uliojificha ndani.

Na magonjwa ya kujificha ndiyo yanayoniogofya.

Tuanze na mimba. Katika Pwani yetu ni desturi mama mjamzito kwenda kwa mkunga wa jadi akakandwe tumbo, hasa miezi inapokaribia kutimia, ili mtoto "akae sawa". Akiambiwa mtoto amekaa vibaya, tumbo husukumwa kwa nguvu mpaka mtoto ageuke. Ni kweli kwamba hata hospitalini madaktari humgeuza mtoto aliyetanguliza matako kwa kusukuma tumbo kutoka nje. Lakini tazama wanavyofanya: husubiri mpaka mimba ifike wiki ya 36 au 37, hupima kwanza kwa mashine kuona kondo la nyuma liko wapi, husikiliza moyo wa mtoto kabla na baada, na chumba cha upasuaji huwa karibu. Pamoja na tahadhari zote hizo, kama nusu ya watoto hukataa kugeuka, na daktari huacha. Mkandaji hana mashine ya kumwonyesha kondo. Likibanduka kabla ya wakati wake, mama huvuja damu, pengine ndani kwa ndani bila tone moja kuonekana nje, na mtoto hukosa hewa. Kwa mama aliyewahi kupasuliwa hatari ni kubwa zaidi, maana kovu la kizazi linaweza kuachana.

Basi tumbo la mjamzito lisisukumwe. Mgongo, mabega na miguu yake vinaweza kukandwa taratibu akiwa amelala ubavu, na hapo mkandaji hajapoteza mteja.

Ila hiyo miguu nayo ina maneno. Mjamzito akivimba miguu ni jambo la kawaida, lakini akivimba pia uso na mikono, akiumwa na kichwa kisichosikia dawa, akiona vimulimuli machoni au akiumwa chini ya mbavu upande wa kulia, hiyo si kazi ya mafuta ya nazi. Hiyo yaweza kuwa presha ya mimba, na mlango wa pili ni kifafa cha mimba. Dakika anazochuliwa miguu ndizo dakika ambazo angekuwa njiani kwenda kituo cha afya cha Kikoneni, na kutoka hapo, ikibidi, hospitali ya rufaa ya Msambweni. Kwa pikipiki mwendo huo si mdogo mchana, sembuse usiku wa mvua.

Baada ya kujifungua, mkandaji hufanya kazi ambayo hospitali zetu haziifanyi. Katika zile siku 40, mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja, hupikiwa uji, na zaidi ya yote huwa na mtu mzima anayemwangalia kila asubuhi. Mimi naona hilo ni jambo la thamani kubwa, na wanawake wetu wa mijini wanaorudi nyumbani peke yao na mtoto mchanga wanalikosa. Lakini maji yawe ya vuguvugu ya kuvumilika. Mama aliyepasuliwa asikandwe juu ya mshono. Na ukiona mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma nyuma ya ndama, usiuguse! Damu huganda kwa urahisi zaidi katika wiki sita za baada ya uzazi, na kuuchua mguu huo kunaweza kulisukuma donge la damu hadi mapafuni. Mtu anaweza kufa papo hapo mikononi mwa aliyekuwa akimsaidia.

Lipo pia suala la matende, ambalo watu wa Kwale wanalijua kuliko mimi. Kenya ilianza kugawa dawa za matende kwa umma mwaka 2002, na ugawaji ulianzia papa hapa Pwani. Dawa hizo huwaua minyoo wachanga waliomo damuni ili mbu wasiwapeleke kwa mtu mwingine. Mguu uliokwisha kuvimba kwa miaka haurudi ulivyokuwa, na hapo ndipo mgonjwa humwendea mkandaji akitumaini uvimbe utachuliwa utoke. Hautoki kwa nguvu. Kinachosaidia ni mambo madogo yanayofanywa kila siku bila kuchoka: kuosha mguu kwa sabuni na maji safi, kuukausha vizuri kati ya vidole na ndani ya mikunjo, kutibu fangasi na vidonda, kuuinua juu ya mto wakati wa kulala, kuchezesha kifundo, na kuvaa viatu visivyobana. Zikija zile homa za ghafla, mguu ukawa mwekundu na wa moto, mwiko kuukanda na mwiko kuuwekea maji ya moto. Uwekewe kitambaa cha maji baridi, mgonjwa apumzike na apelekwe kutibiwa. Mkandaji anayemfundisha mgonjwa kuosha mguu wake amemsaidia kuliko yule anayemchua kila Ijumaa.

Watoto nao. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili akivimba viganja na nyayo, akalia akiguswa, watu husema ameteguka au ana baridi. Kumbe huenda ana selimundu, ugonjwa wa damu unaojulikana sana katika ukanda wetu, na kuvimba huko huwa ndiyo dalili yake ya kwanza. Apimwe damu. Mtoto mchanga akivimba matiti, asikamuliwe. Uvimbe huo hutoka wenyewe, na kuukamua huleta jipu. Na mwenye homa, awe mtoto au mkubwa, apimwe malaria kwanza kabla ya mafuta kufunguliwa. Chikungunya, ambayo ilizuka Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuendelea 2018, nayo huacha viungo vikiuma kwa miezi. (Jina lenyewe ni la Kimakonde, likisimulia mtu anavyojikunja kwa maumivu; ugonjwa ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952.) Homa ikiisha, kukanda polepole kwa ajili ya viungo hivyo hakuna ubaya.

Sasa msomaji ataniuliza: kama hatari ni nyingi hivi, kwa nini wakandaji wasipigwe marufuku? Kwa sababu marufuku haifanyi kazi, na pia si haki. Serikali ilipoondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013, wanawake wengi walikwenda hospitali, lakini mkandaji hakutoweka. Mwanamke anayekemewa katika chumba cha kujifungulia atarudi kwa mtu anayemwita "mwanangu". Tukimfanya mkandaji kuwa mhalifu, atakanda usiku mlango ukiwa umefungwa, na mambo yakiharibika ataogopa kumpeleka mgonjwa kituoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sheria kali huwafundisha watu kuficha.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeyaona hayo. Ina sehemu nzima kuhusu tiba asili na tiba mbadala, na imeagiza uwekwe utaratibu wa wagonjwa kutumwa kutoka kwa watabibu hao hadi hospitalini. Maandishi mazuri, lakini mama wa Kikoneni hasomi gazeti la serikali. Rai yangu ni nyepesi na haihitaji bajeti ya kutisha. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, na katika mikoba yao mna kipimo cha presha na cha sukari. Kaunti ya Kwale iwakutanishe wahudumu hao na wakandaji wa kila kijiji. Mjamzito au mtu mzima anayekuja kukandwa apimwe presha kwanza. Mkandaji aambiwe dalili chache za kukoma, kwa Kidigo na Kiduruma, bila dharau. Na akimleta mgonjwa kituoni, apokewe kama mwenzi wa kazi, apewe kiti, aambiwe baadaye mgonjwa wake aliendeleaje. Nathubutu kusema kwamba kiti hicho kitaokoa watu wengi kuliko mabango ya barabarani.

Nawe uliyeko mjini, unayekaa kwenye kiti cha ofisi au nyuma ya usukani wa matatu kutwa nzima, huhitaji kungoja likizo ya Diani. Simama kila nusu saa ujinyooshe. Weka mpira wa tenisi kati ya mgongo na ukuta, kando ya uti wa mgongo wala si juu yake, ujisugue polepole kwa dakika moja au mbili kila panapokaza. Kiuno kikikaza, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo kwa robo saa yatosha. Ila mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asiitumie miguuni, maana ataungua asijue. Ukiteguka kifundo, siku mbili za kwanza usikichue kabisa: pumzika, weka barafu iliyofungwa kitambaani, funga bendeji, inua mguu. Ukishindwa kabisa kukanyaga, huenda umevunjika, na picha ipigwe kabla ya mtu yeyote kuvuta mguu huo. Maumivu ya kiuno yanayoambatana na ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo, ni ya kukimbiliwa hospitali siku iyo hiyo.

Jambo moja zaidi kuhusu kiharusi, maana makosa hapa ni mengi. Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea, maneno yakamtoka hovyo, familia hutafuta mkandaji "amnyooshe". Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hufaa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili kuanza. Baadaye, akisharudi nyumbani, mazoezi ya mtaalamu wa viungo ndiyo yatakayourudisha mkono. Kuuvuta kutoka begani huutegua.

Mwisho, ukilala kwenye kile kitanda cha Diani, sikiliza utakavyoulizwa. Mkandaji anayejua kazi yake, awe wa hoteli ya kifahari au wa ufukoni, hataanza kabla ya kukuuliza kama una mimba, presha, kisukari, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama umepasuliwa karibuni na pale panapouma pamekuwa hivyo tangu lini. Asipouliza, mwambie mwenyewe. Ukiona hajali jibu lako, vaa shati lako uende.