NYUMBA YETU: Meza ya Jiwe na Mlango wa Jiko



Katika nyumba za matofali zinazojengwa siku hizi toka Lubarika na Luvungi mpaka Uvira, twaona tamaa mpya, nayo si mbaya. Baba wa jamaa ataka kumjengea mama meza ya jiwe jikoni, yenye ukingo mnene mbele, na jiko likae ndani ya meza hiyo lisihamishwe tena. Wenye uwezo mjini hununua jiwe gumu lililokatwa kwa mashine, na chini yake huweka jiko la gesi au la umeme lenye tanuri. Sisi wa uwanda wa Ruzizi twaijenga kwa matofali na saruji, ambayo kwetu twaiita sima, na katika tundu lake twatia mbabula ya makaa. Gharama si sawa, lakini sheria za kazi ni zile zile. Yafaa tuzijue kabla ya kununua mfuko wa kwanza, maana saruji iliyokwisha kauka hairudi tena katika mfuko.

Unene ni wa macho

Watu wengi huona ukingo wa sentimeta 6 au 10, wakadhani jiwe lote ni nene hivyo. Sivyo. Katika nyumba za mjini jiwe la mezani mara nyingi lina unene wa sentimeta 2 au 3 tu. Fundi hugandisha kipande kingine chini ya ukingo wa mbele, akasugua mahali palipoungana mpaka pasionekane. Hilo si udanganyifu. Sababu yake ni uzito.

Wanafunzi na washike kalamu. Mita moja ya ujazo ya saruji iliyochanganywa na mchanga na kokoto ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Meza ya urefu wa mita 2, upana wa sentimeta 60 na unene wa sentimeta 6 itakuwa na kilo 173. Tukiimwaga yote kwa unene wa sentimeta 10, itafika kilo 288. Lakini tukiiacha kwa sentimeta 6, na kushusha ukingo wa mbele peke yake mpaka sentimeta 10, upana wa ukingo huo ukiwa sentimeta 6, tutaongeza kilo 12 tu. Mgeni akiingia hataona tofauti. Matofali yanayobeba yataiona, na mfuko wa baba vilevile.

Ukingo na mlango

Hapa ndipo taabu inapoanza. Ukingo ulioshuka hufunika kilicho chini yake. Mlango wa tanuri nyingi hufunguka kwa kulala mbele, na ncha yake ya juu ndiyo itokayo kwanza. Ukingo wa jiwe ukishuka mbele ya ncha hiyo, hata kwa sentimeta moja, mlango utagonga jiwe wala hautafunguka. Tena jiko likiharibika halitaweza kuvutwa nje litengenezwe. Limekuwa mfungwa ndani ya meza. Baba aliyetoa fedha nyingi atabaki na mambo mawili ya kuchagua: kulivunja jiwe, au kuliacha jiko bila kazi.

Dawa yake ni hesabu ndogo. Tuseme jiko lina kimo cha sentimeta 85, jiwe lina unene wa 3, na ukingo wataka uonekane 6. Basi ukingo utashuka sentimeta 3 chini ya tumbo la jiwe. Fundi asililaze jiwe katika kimo cha 85. Sharti aliinue kwa vipande vya mbao ngumu vya sentimeta 3, na aongeze sentimeta moja ya nafasi. Tumbo la jiwe litakuwa katika 89, uso wake katika 92, na ncha ya chini ya ukingo katika 86. Mlango utapita. Vipimo hivi vichukuliwe toka juu ya sakafu iliyokwisha malizika. Kama vigae vitatiwa baadaye, jiko litainuka pamoja na sakafu, na ile nafasi itatoweka.

Mbabula nayo ina mlango wake, yaani mdomo wa chini ambao hewa huingilia na majivu hutokea. Tuseme mdomo huo una kimo cha sentimeta 8, nao unaanza sentimeta 12 chini ya uso wa meza. Ukingo ukishuka 15, kama wengine wapendavyo, zaidi ya theluthi ya mdomo imezibwa. Makaa yataungua vibaya, chakula kitachelewa, na mkono wa mama hautafikia majivu. Afadhali mbele ya mdomo ukingo ukatizwe, uendelee kulia na kushoto. Fundi mwenye ustadi hulifanya pengo hilo kuwa pambo.

Moto na jiwe

Sheria nyingine: jiwe na moto wasigusane. Mawe magumu ya granite yana chembe za kwatsi ndani yake, na kwatsi ikifika joto la digrii 573 hubadilika na kutanuka kwa ghafula; hapo jiwe hupasuka. Mawe ya mtoni ni hatari zaidi. Maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe laweza kulipuka na kumwumiza mtoto aliyekaa karibu. Saruji nayo ikipigwa na moto mkali siku kwa siku huwa dhaifu na kumomonyoka.

Kwa hiyo tundu liwe kubwa kuliko mbabula kwa upana wa vidole viwili kila upande, na nafasi hiyo ijazwe majivu makavu au izungushiwe udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Mbabula yenye udongo ndani na bati nje, kama ile iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, yafaa zaidi kuliko ya bati tupu, maana haitoi joto jingi ubavuni. Nchini Guatemala, baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1976, watu walijifunza kujenga meza nzima ya jiko kwa udongo na mchanga. Jina lake, Lorena, latokana na maneno mawili ya Kihispania, tope na mchanga. Asiye na fedha ya saruji asione haya basi. Karibu na moto, udongo wake ni bora kuliko jiwe la tajiri.

Pembe za tundu zisiwe kali bali za mviringo, kwa kuwa ufa huanzia penye pembe kali. Sehemu nyembamba zilizo mbele na nyuma ya tundu ndizo dhaifu kupita zote. Hapo fundi alaze vyuma kabla ya kumwaga. Baada ya kumwaga, meza ifunikwe magunia yenye maji kwa siku 7, na moto usiwashwe kabla ya siku 28.

Hewa

Jiko lililojengwa ndani haliwezi kutolewa uani moshi unapozidi. Kwa hiyo dirisha au bomba la moshi si pambo la kuongezwa baadaye. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa nyumbani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa chini ya miaka 5. Wala tusidanganyike kwa kuwa makaa hayatoi moshi mwingi. Hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua walalao. Jikoni mwenye mbabula ya kujengwa pawe na matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, yasiyofungwa usiku wala wakati wa mvua.

Nani ameulizwa?

Tumetaja vipimo vingi, lakini kimoja hakimo katika mita ya fundi. Mama akatapo sombe au asafishapo ndagala, meza ya kimo cha sentimeta 85 au 90 yamfaa, mgongo wake usiiname. Lakini asongapo ugali hutumia nguvu za mabega toka juu, na sufuria yenyewe ina kimo chake. Jiko likiwekwa katika 90 pamoja na meza, mikono yake itakuwa usawa wa kifua, nguvu zitapotea, na sufuria ya moto yaweza kumwangukia. Basi sehemu ya jiko ishushwe iwe chini kuliko meza. Kwa kiasi gani? Mama asimame, ashike mwiko, na fundi apime.

Twasikitika kuona ya kuwa katika nyumba nyingi mashauri hufanywa na wanaume wawili uani, wakitazama picha katika simu, naye atakayesimama hapo kila siku kwa miaka 30 haitwi. Wahenga walisema: jifya moja haliinjiki chungu. Katika kazi hii mafiga ni matatu: baba mwenye fedha, fundi mwenye ustadi, na mama mwenye kazi. Likikosekana moja, chungu chamwagika.

Bwana wetu Yezu Kristu alitufundisha habari ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Wazazi Wakristu, ketini basi, baba na mama pamoja, hesabuni fedha, mkapime mlango. Ukingo mnene ni heshima ya nyumba mbele ya wageni. Mlango ufunguliwao bila taabu ni upendo kwa yule apikaye ndani.