Kiwavi wa waridi anakaguliwa, chupa ya dawa je?

Tangu Aprili 26, 2025, waridi la Kenya haliingii Ulaya hivi hivi tu. Muungano wa Ulaya (EU) unataka shamba liwe na mpango mzima wa kumzuia nondo ambaye watu wa maua humwita FCM: mitego, ukaguzi wa kila hatua, halafu KEPHIS wathibitishe. Nondo jike anataga, kiwavi anatoboa tumba na kujificha ndani. Kwa nje ua linaonekana safi kabisa. Mdudu mwenyewe ni mzaliwa wa Afrika, anakula pia hoho, machungwa na mapera. Ulaya hawamtaki kwao, na hapo siwezi kuwalaumu.

Sasa njoo hapa Kabati. Ya Kitui, si ile ya Murang'a.

Mwaitu ana waridi saba mbele ya nyumba. Nilipoacha chuo nikarudi, kuyatunza ikawa kazi yangu. Siku moja nikakuta matumba yamefunikwa na vidukari, vile vijidudu vya kijani vinavyofyonza utomvu mpaka majani yanajikunja. Nikakimbia agrovet na jani mkononi. Jamaa hakuuliza hata swali moja. Alinipimia dawa kwenye chupa ya soda, akasema kifuniko kimoja kwa lita mbili za maji. Chupa haikuwa na jina la dawa wala maelezo. Nikauliza glovu, akacheka.

Mwaitu aliinusa tu akaniuliza, "Na nyuki za susu yako je?" Susu ana mizinga nyuma ya boma, na hii ni Kitui bana, asali ndiyo karo ya watu.

Swali lake ndilo swali lenyewe. Mwaka 2018 EU ilipiga marufuku imidacloprid na dawa nyingine mbili za jamii yake zisitumike mashamba ya wazi, kwa sababu ya nyuki. Hapa kwetu, Gladys Boss Shollei alipeleka ombi bungeni 2019 akitaka dawa hatari ziondolewe sokoni. Ilipofika Juni 2025, Waziri wa Kilimo Mutahi Kagwe akatangaza dawa zilizoondolewa na nyingine zilizowekewa masharti. Miaka sita hiyo.

Sawa, orodha tunayo. Lakini nitaitumiaje kama chupa yangu ina jina la soda? Bodi ya PCPB ndiyo hutoa leseni kwa wauzaji wa dawa hizi, kwa hivyo kupimia watu kwenye chupa za soda ni jambo la kukaguliwa dukani, si la kumwachia mteja abahatishe. Kiwavi mmoja ndani ya ua linaloenda Uholanzi ana watu wengi wanaomtafuta. Ile chupa ilitoka dukani ikafika jikoni kwetu bila mtu hata mmoja kuitupia jicho.

Waridi zenyewe hazikuhitaji hata hiyo dawa. Nilifinya vidukari kwa vidole (inachukiza, unazoea), nikapulizia maji yenye sabuni kidogo chini ya majani, jioni nyuki wakisharudi. Tumba lenye tundu nalikata na kulifunga ndani ya karatasi ya nailoni, nalianika juani kiwavi afie humo. Baada ya wiki moja hivi wakaja wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, wakala vidukari waliobaki. Usiwapulizie hao, ni vibarua wa bure.

Najua mwenye ekari mbili hawezi kufinya kwa vidole. Yeye atanunua dawa, na ndiyo maana anastahili kujua ananunua nini.

Ile chupa bado iko juu ya paa la choo. Kila mahali ninapofikiria kuimwaga kuna kisima, mzinga ama kuku wa mwaitu.