Kidoa kwenye mapafu si hukumu

Jibu la saratani ya titi ulishalipata. Ulilia, ukanyamaza, ukaanza kulizoea. Ukapelekwa kupiga CT ya kifua na tumbo ili ijulikane kama ugonjwa umetoka nje ya titi. Leo umerudi na bahasha, na ndani ya daladala uvumilivu umekushinda, umeifungua. Katikati ya Kiingereza kigumu umeona kwamba kuna kidoa cha milimita 4 kwenye pafu la kulia, hakijulikani ni nini, kipimo kirudiwe baada ya miezi 3.

Unafika nyumbani ukiwa umeshajizika.

Msomaji, CT inaonyesha kivuli, haikuambii jina la kivuli hicho. Inaona vitu vidogo kuliko punje ya mchele, na watu wengi wasio na saratani yoyote wana vidoa vya aina hiyo. Kwetu kifua kikuu kimepita katika nyumba nyingi na huacha makovu, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kujua kwamba aliugua. Kwenye ini huonekana vifuko vya maji ambavyo umeishi navyo miaka mingi. Kipimo cha mifupa nacho huwaka penye goti lililochakaa au ubavu uliowahi kuvunjika. Sikudanganyi, vingine huwa ni saratani kweli, ndiyo maana umeambiwa urudi.

Utauliza, mbona wasichukue kinyama wakapime? Kidoa kidogo hivyo, ndani ya pafu linalopanda na kushuka, ni rahisi sindano kukikosa, na inaweza kutoboa pafu hewa ikavuja. Kwa hiyo muda wenyewe ndio unaotumika kupima. Kovu hubaki lilivyo, saratani ikiachwa hukua. Ukikimbilia hospitali nyingine wiki ijayo, utalipa upya upate jibu lile lile.

Ninachokiogopa zaidi ni hiki: mtu anajisemea "imeshasambaa", anaacha tarehe zake za dripu, anahamia kwenye mizizi. Kidoa kingeweza kuwa kovu tu, lakini titi lililokuwa linatibika likaachwa. Na hata kama imesambaa, dawa za kuizuia zipo, na huanzia hospitali hiyo hiyo uliyoikimbia.

Rudi kwa daktari na maswali uliyoyaandika. Je, kidoa hiki kinabadilisha matibabu yangu ya sasa? Wewe unadhani ni nini? Nirudi tarehe ngapi hasa? Omba CD ya picha zenyewe, si karatasi tu, maana picha ya pili bila ya kwanza haina cha kulinganishwa nacho. Kama una CT au hata eksirei ya kifua ya zamani chini ya godoro, ipeleke. Kidoa kilichokuwepo miaka mitano iliyopita na hakijabadilika ni habari njema.

Kwa madaktari wenzangu nina neno. "Usijali mama, njoo Machi," kisha tunaita anayefuata, hilo si jibu. Dakika tano za kueleza zingemwokoa na usiku mwingi bila usingizi.

Nanyi ndugu, acheni kumwambia kwamba mawazo ndiyo yanayokuza saratani. Wasiwasi haukuzi kidoa. Mwacheni alie akitaka, na siku ya kipimo mmoja wenu aende naye.

Tarehe hiyo isisubiriwe ukianza kukohoa damu, kubanwa pumzi, kuumwa mgongo au mfupa kwa namna mpya inayokuamsha usiku, macho yakiwa ya njano, miguu ikipoteza nguvu, au kichwa kikiuma pamoja na kutapika. Hapo nenda siku hiyo hiyo, na CD yako mkononi.