Mali bila daftari hupotea bila habari

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nao wenye maduka ya Kangemi na Kawangware hawajaisahau methali hiyo. Pita jioni katika duka la mtaani, wakati watu wanarudi kutoka kazini mjini, na utaliona daftari karibu na mizani. Unga kilo mbili, maziwa pakiti moja, sabuni kipande. Mteja anasema "andika", na mwenye duka anaandika. Mwisho wa mwezi ukifika, daftari hilo ndilo shahidi kati ya majirani wawili.

Sasa chukulia, msomaji, kwamba wewe ni mwanafunzi wa chuo na duka hilo ni la mama yako. Daftari limelowa mvua, kurasa zimeshikana, na mteja mmoja anaapa kwamba alilipa deni lake lote. Mama anakugeukia: "Wewe si unasomea mambo ya kompyuta? Nitengenezee kitu." Utafanya nini?

Wengi hukimbilia makubwa. Watakushauri ukodishe nafasi katika seva iliyo ng'ambo, ulipe kila mwezi, na ununue intaneti ya kuifikia. Duka la mama halihitaji gharama hizo. Kompyuta moja iliyotumika, ya aina inayouzwa katika maduka ya Moi Avenue, yatosha. Kinachotakiwa ni ghala dogo la kumbukumbu linalokaa ndani ya programu yako mwenyewe, katika faili iliyo pale pale dukani.

Ili uelewe ghala la aina hiyo, nenda siku moja hadi Posta Kuu, Kenyatta Avenue, uyatazame masanduku ya barua. Kila sanduku lina nambari yake, na ndani yake mna kitu. Mwenye sanduku hafungui yote ili aipate barua yake, bali huijua nambari, akaenda moja kwa moja. Ghala letu hufanya vivyo hivyo. Nambari ya sanduku huitwa ufunguo, na kilichomo ndani huitwa thamani. Ukitoa ufunguo, kompyuta hufanya hesabu fupi juu ya herufi zake, ikajua ni sehemu gani ya faili ya kutazama. Ndiyo maana haichoki, hata wateja wawe maelfu.

Jambo hili si geni. Ken Thompson, mmoja wa waliobuni mfumo wa Unix, aliandika ghala la namna hii mwaka wa 1979 katika maabara ya Bell kule Marekani, likaitwa dbm. Baadaye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa ndugu yake aitwaye Berkeley DB. Kampuni ya kumtunza, Sleepycat, ilianzishwa mwaka wa 1996, ikanunuliwa na Oracle mwaka wa 2006. Wewe mwenyewe hutumia maghala kama hayo bila kujua. Programu ya Chrome, kwa mfano, huweka data ambazo tovuti unazotembelea huzihifadhi katika kompyuta yako kwa kutumia LevelDB, ghala lililotolewa na Google mwaka wa 2011.

Njia rahisi ya kuanza ni lugha ya Python, ambayo haina malipo na inakuja na dbm tayari. Tuseme mteja nambari 0017 amekopa bidhaa za shilingi 120. Mistari hii minne yatosha:

import dbm
with dbm.open("deni", "c") as d:
    zamani = int(d.get("0017", "0"))
    d["0017"] = str(zamani + 120)

Mstari wa pili unafungua faili iitwayo "deni". Wa tatu unauliza deni la zamani la mteja huyo, na kama hana, unahesabu sufuri. Wa nne unaandika jumla mpya. Kumbuka kwamba sanduku hupokea maandishi, si hesabu, na ndiyo sababu tunageuza kwa int na str.

Itazame vizuri herufi "c" iliyo katika mstari wa pili. Maana yake ni: fungua faili, na kama haipo, itengeneze. Ukikosea ukaandika "n", umeagiza faili mpya tupu kila mara, na madeni ya mwezi mzima yatafutika bila hata kuulizwa. Herufi moja tu, na mama amepoteza mtaji.

Hata hivyo, kazi ngumu ni kuchagua ufunguo. Ukitumia majina, utakuta katika ploti moja wamo kina Mama Brian wawili. Ghala halijui tofauti yao, na deni la mmoja litaangukia juu ya deni la mwenzake. Ukitumia nambari ya mlango, mpangaji atahama, na mgeni atakayeingia atarithi deni asilolijua. Posta nayo yalijua jambo hili zamani: sanduku la 10 la Nairobi si sanduku la 10 la Kakamega, ndipo mji ukaandikwa kando ya nambari. Njia salama ni duka lenyewe kumpa kila mteja nambari isiyobadilika wala kupewa mtu mwingine, kisha jina lake likaandikwa ndani ya sanduku jingine.

Sasa mrudie yule mteja anayeapa kwamba alilipa. Mistari yetu minne haiwezi kumjibu. Ukiandika 470 mahali palipokuwa na 350, ile 350 imekwenda, wala hakuna kinachoonyesha kwamba tofauti hiyo ilikuwa ni unga wa Jumamosi. Daftari la karatasi, pamoja na uchafu wake wote, lilikuwa bora hapa. Mama alipiga mstari juu ya hesabu ya zamani, lakini ilisomeka bado. Jirani akibisha, kurasa zilifunuliwa mbele yake, na ugomvi ukaisha.

Dawa imo katika ufunguo ule ule. Kila mkopo na kila malipo uyape sanduku lao, kwa kuunganisha nambari ya mteja, tarehe, na nambari ya zamu ya siku hiyo, kwa mfano "0017-2025-06-14-1". Ndani yake andika kiasi na bidhaa. Sanduku la "0017" pekee libaki na jumla. Siku ya mabishano utayafungua masanduku yote yanayoanza na 0017, na kila kitu kitaonekana, tangu pakiti ya kwanza ya maziwa.

Kuna mambo mengine matatu ya kuangalia. Kwanza ni stima. Baadhi ya maghala haya hayamalizi kuandika hadi faili ifungwe, kwa hivyo giza likiingia ghafla, mauzo ya jioni yanaweza kupotea. Lile neno "with" huifunga faili mara tu kazi inapoisha. Basi fungua, andika, funga; usiiache wazi kutwa nzima.

Pili ni nakala. Kila usiku, faili ikiwa imefungwa, nakili katika flashi na uihifadhi nyumbani, mbali na duka. Lakini fahamu kwamba chini ya jina la dbm zimo aina kadhaa za maghala, na faili ya kompyuta moja huenda isifunguke katika nyingine. Kwenye Windows, matoleo ya Python ya kabla ya 3.13 huandika faili tatu, yaani deni.dat, deni.dir na deni.bak. Ukinakili moja na kuziacha nyingine, ni sawa na kubeba mlango ukaiacha nyumba. Jaribu kuifungua nakala yako angalau mara moja kabla ya shida kufika.

Tatu ni siri za watu. Faili hii haina kufuli. Atakayeipata anaweza kusoma nani anadaiwa na kiasi gani. Deni la mtu ni heshima yake, na tena Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019, inayomtaka anayeweka habari za watu azilinde. Weka neno la siri katika kompyuta, na usiazimishe flashi hiyo.

Je, ghala hili lina udhaifu? Ndiyo. Linajua kujibu swali la "0017 anadaiwa nini?" Ukiliuliza "ni nani wote wanaodaiwa zaidi ya shilingi 500?", itabidi lifungue sanduku baada ya sanduku. Kwa duka la wateja mia moja hutauona ucheleweshaji wowote. Maswali ya namna hiyo yakizidi, hamia SQLite, ambayo D. Richard Hipp aliitoa mwaka wa 2000. Nayo hukaa katika faili moja bila seva, na Python inayo tayari.

Neno la mwisho ni kwa mwanafunzi mwenye haraka ya kumwonyesha mama kazi yake. Usilitupe daftari la karatasi. Yatumieni yote mawili kwa muda wa miezi mitatu, na kila Jumapili jioni kaeni pamoja mlinganishe hesabu. Zikipishana, itafuteni sababu kabla ya kumlaumu mteja. Zikilingana majuma kumi na mawili mfululizo, hapo mama mwenyewe atajua kama kalamu inaweza kupumzika.