Kapteni wa Kenya Olimpiki Tatu, na Bado Unamwita Mhindi

Nitajie mtu aliyekuwa kapteni wa timu ya Kenya kwenye Olimpiki tatu mfululizo. Usiingie Google. Sio Keino, sio Rudisha, hao walikimbia kila mtu na mguu wake. Nasema timu, watu 11 uwanjani, na mmoja anawaongoza.

Anaitwa Avtar Singh Sohal. Wenzake walimwita Tari. Alizaliwa Nairobi hii hii mwaka wa 1938, akawa beki kwenye mpira wa magongo, na akaenda Olimpiki nne: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968, Munich 1972. Hizo tatu za mwisho alikuwa kapteni. Nimejaribu kutaja hilo jina kwa wasee wa rika letu hapa Lavington, na jibu la kwanza ni lile lile kila mara: "Kwani huyo si Mhindi?" Hiyo "kwani" ndiyo nataka tugombane nayo leo.

Wacha nikupeleke mbali kidogo halafu nikurudishe. Ayalandi wana mchezo unaitwa hurling. (Hapana, si Hurlingham ya matatu ya 46. Hurling.) Watu 15 kila upande, kila mmoja na fimbo bapa mkononi, na kampira kadogo kanapaa hewani kama jiwe la manati. Ukikaangalia na macho ya Nairobi utasema ni magongo yamepandwa na wazimu. Na hawa watu hawalipwi mshahara. Msee anacheza fainali Croke Park pale Dublin, uwanja unaoingiza watu zaidi ya 80,000, halafu kesho yake kazi ya kumlisha iko pale pale inamngoja. Anachezea kaunti yake, basi.

Mwaka wa 2005 kaunti ya Cork ilishinda kombe la nchi nzima. Kapteni aliyepanda kulichukua alikuwa Seán Óg Ó hAilpín. Mama yake ni wa Rotuma, kisiwa cha Fiji. Baba yake ni wa Fermanagh, ambayo hata si karibu na Cork. Yeye mwenyewe utoto wake mwingine aliupitishia Sydney. Akashika kombe na kutoa hotuba yake kwa Kiayalandi, lugha ambayo Waayalandi wengi wenyewe inawapiga chenga. Watu wa Cork wakamshangilia kama mtoto wao, kwa sababu ni mtoto wao.

Ayalandi si mbinguni, tusidanganyane. Kuna Lee Chin wa Wexford, baba yake anatoka Malaysia, na yeye alishatusiwa uwanjani kwa sababu ya asili yake, akajitokeza akasema. Lakini jina lake wanalijua. Hata anayemtusi analijua. Sisi wa kwetu hata matusi hatujamfikishia, tumemsahau tu.

Na ulisahau nini hasa? Tokyo 1964, mwaka mmoja hivi baada ya uhuru, Wilson Kiprugut alituletea medali yetu ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Hiyo tunafundishwa. Michezo hiyo hiyo, bendera hiyo hiyo, timu ya Tari ilimaliza nambari sita duniani kwenye magongo. Mwaka wa 1971 kukawa na Kombe la Dunia la kwanza kabisa la magongo, Barcelona. Kenya ikafika nusu fainali. Tukafungwa na Uhispania 1-0, halafu kwenye mechi ya kutafuta nambari tatu India ikatufunga 2-1 baada ya muda wa ziada. Nambari nne duniani, manze! Ingekuwa Harambee Stars imefanya hivyo hata mara moja, kungekuwa na barabara, sanamu na siku ya mapumziko.

Najua kuna mtu tayari anachapa kwa komenti: "Lakini hao walikuwa wanacheza kwa klabu zao, Mwafrika haingii." Enyewe klabu zilikuwa za kimbari. Singasinga walikuwa na Sikh Union, Wagoa walikuwa na zao, na Mzungu alikuwa amejifungia kwake akinywa chai. Huo mpango uliwekwa na mkoloni, na ndiyo sababu ile timu ilikuwa karibu yote Waasia. Sikatai. Lakini baada ya 1963 hiyo jezi iliandikwa Kenya. Na mwaka wa 1967 sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilipokaza, Waasia wengi wasio na uraia walianza kufunga masanduku kwenda Uingereza, na wachezaji wazuri tuliwapoteza vilevile. Tari hakuondoka. Alicheza mpaka 1972, na baadaye akafundisha wengine mchezo huo huo. Sasa mwambie huyo "rudi kwenu" uone anaelekea wapi. Labda Parklands.

Komenti ya pili ni nzito zaidi: "Wahindi wanatubagua, mbona unawatetea?" Wako wanaobagua, na dada wa kazi aliyepewa kikombe chake peke yake hakuota. Lakini mimi naishi Lavington. Hicho kikombe cha pembeni nimekiona kwa nyumba za akina Otieno na akina Wanjiku pia, na hakuna aliyesema warudi kwao. Tajiri mbaya mshtaki kwa ubaya wake. Usimbebeshe mtu aliyevuja jasho Munich akituchezea.

Serikali nayo, mwaka wa 2017, ikatangaza Wakenya wenye asili ya India kuwa kabila la 44. Watu wakafurahi, sawa. Mimi niliona kichekesho: ati ndio uwe Mkenya lazima kwanza tukutafutie kabila. Rafiki yangu wa mtaa huu, ambaye nyanya yake alizaliwa Kisumu, bado anaulizwa na mlinzi, na mwalimu, na hata dereva wa teksi, "wewe hasa unatoka wapi?" Anajibu "Lavington." Wanacheka, wanauliza tena.

Joginder Singh angalau tunamkumbuka. Alishinda Safari Rally mara tatu, na gari likipita kijijini na vumbi lake, hata babu aliyekuwa anachunga ng'ombe alilisimulia. Magongo hayapiti kijijini. Kwa hivyo lazima mtu ayapitishe.

Nganya za 46 zinapita Valley Arcade kutwa nzima zimechorwa Messi, Tupac, na wasanii ambao hata Kenya hawajawahi kukanyaga. Kama wewe ndiye unazichora, au kaka yako ndiye anachora, picha za Tari ziko mtandaoni. Mweke mlango wa nyuma, na gongo lake mkononi. Chini andika: Kapteni, 1964, 1968, 1972. Mimi rangi nachangia.