Huyu Ndiye Fundi

Wiki iliyopita aliingia mteja dukani kwetu, akamkuta binti tunayemfundisha kushona, mweusi wa rangi, katoka shamba. "We mtoto, kaniletee maji. Fundi yuko wapi?" Na gauni alilolifuata kalishona binti huyo huyo! Sisi tukacheka tu, tukiogopa kumkosa mteja. Aibu hiyo ni yetu.

Twajisifu kwamba sote hapa ni machotara, lakini bibi harusi akiwa mweusi utasikia, "mweusi lakini mzuri". Hiyo "lakini" imetoka wapi? Zamani nguo ilitosha kukwambia mtu ni nani: kaniki ilihesabiwa vazi la watumwa. Utumwa ulipoanza kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi walioachwa huru waliitupa kaniki wakajifunga kanga, wasijulikane tena kwa vazi. Leo kanga twavaa sote, wa Mji Mkongwe na wa Makunduchi, ila macho yetu bado yanaitafuta ile kaniki, sasa kwenye ngozi.

Mteja atarudi Alhamisi kupunguziwa mikono. Binti ndiye atakayempima, na safari hii tutamwambia huyu ndiye fundi wake.