Intaneti Moja, Kompyuta Mbili

Likizo inapofika, wengi wetu mafrateri tunarudi nyumbani na kompyuta mpakato begani. Huko tunakuta kompyuta nyingine, ya mdogo wetu anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne, na kifurushi kimoja cha intaneti kilicholipiwa na wazazi. Hazipiti siku mbili, manung'uniko yanaanza: intaneti inasuasua, bando limeisha kabla ya wakati.

Wapo wanaosema dawa ni kila mmoja kuwa na laini yake. Sisi hatukubaliani nao. Laini moja inatosha kompyuta mbili, hata zaidi. Ruta, au simu iliyowashwa hotspoti, huipa kila kompyuta anwani yake ya ndani, kisha huzitoa zote nje kwa anwani moja. Majibu yakirudi, inajua lipi ni la kompyuta ipi. Haijui nani ni frateri na nani ni mwanafunzi.

Kinachogawanywa ni kasi na kifurushi. Kompyuta mbili zikipakua kwa wakati mmoja kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, kila moja hupata kama 5. Kwa kusoma maandishi, hizo ni nyingi. Lakini saa moja ya video yenye picha safi inaweza kula GB 1 au zaidi, na Windows hupakua masasisho yake bila kubisha hodi, isipokuwa umeiwekea kwamba intaneti hiyo ni ya kupimwa.

Hapo ndipo tunapojikosoa. Mama humwambia binti yake, "Mwache kaka yako frateri amalize kwanza." Binti anafunga kompyuta. Naye frateri, baada ya kumaliza tasnifu, anaangalia mpira. Nyumba nzima inaona, ila kwa heshima hakuna anayesema.

Tunapendekeza hivi. Siku ya kwanza ya likizo, familia ikae ipange saa za kila mmoja, na mwenye mtihani achague kwanza. Mafaili makubwa yapakuliwe usiku wengine wamelala. Nenosiri lijulikane na wote wa nyumbani, lisisambazwe mtaa mzima. Matumizi yaangaliwe kila jioni na kuandikwa, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na video yetu iwe ya kwanza kuzimwa.

Nanyi wazazi, msituonee haya. Tukizidisha, tuambieni. Kesho na keshokutwa tutakabidhiwa mali ya parokia, iliyochangwa na watu wengi, na huko watakaothubutu kutuambia watakuwa wachache zaidi. Ni afadhali tujifunze sasa, nyumbani, kwa kumpisha mdogo wetu saa mbili za jioni.